Kahawa ya bibi yangu haikuletwa na mmisionari: uzi wa mibuni, asili yake na aina zake

Kikapu cha Amwani

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi mmoja wa kilimo mdau aliandika kwamba kahawa yote ya Tanzania ililetwa na wamisionari, na kwamba robusta, aina ya kahawa inayolimwa sana Kagera, "ni ya kuchanganyia tu, haina historia". Nilianza kumjibu palepale, jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe, nikaona nilihamishie hapa. Nimezaliwa Kagera, kwenye kibanja cha migomba na mibuni, na huu ni mwaka wa kumi na mbili niko Moshi nafanya kazi ya kuonja kahawa. Robusta ndiyo iliyonilipia ada, arabika, ile ya Kilimanjaro, ndiyo inayonilisha leo. Kusikia moja ikiitwa mtoto wa kambo kunaniuma kwelikweli.

Nianze na bibi, mama yake baba. Bibi hakuwahi kunywa kahawa maishani mwake. Alikuwa anaitafuna. Alichuma matunda yaliyokomaa lakini bado ya kijani, akayachemsha kwenye chungu pamoja na majani ya kunukia, kisha akayaanika siku kadhaa mpaka yakawa ya kahawia iliyoiva, makavu kabisa. Yakishakauka yanafungwa kwenye maganda ya mgomba. Mgeni akiingia, kabla hajaulizwa habari za atokako, analetewa kikapu kidogo chenye mfuniko. Unachukua mbili tatu unatupia mdomoni. Kwanza unakutana na ganda lililojikunyata kama ngozi, lina utamu wa mbali na harufu ya yale majani. Ukiuma ndani ndipo uchungu wa buni unapotoka na mate yanajaa. Sisi watoto tuliiba zilizobaki kikapuni, halafu usiku tunakodoa macho darini, hatujui kwa nini usingizi haujaja.

Hizo ndizo amwani. Waganda jirani zetu wanasema emmwanyi, na neno hilohilo ndilo wanaloitia kahawa yoyote mpaka leo. Bukoba bado zinauzwa zimefungwa vizuri, ukisafiri unapitia unawabebea watu wa mjini.

Na haikuwa kitafunio tu. Tunda la kahawa kwa kawaida lina punje mbili zimelala zikitazamana ndani ya ganda moja. Wazee wa Buhaya na Buganda waliona jambo hapo. Watu wawili wasiozaliwa pamoja wakitaka kuwa ndugu wa damu, walichanjwa kidogo tumboni, kila mmoja akala buni iliyopakwa damu ya mwenzake. Baada ya hapo ni ndugu, na kumsaliti ndugu wa namna hiyo kulikuwa mwiko mkubwa. Watawala nao walikuwa na mkono katika nani apande mibuni na nani asipande. Mmea unaofungiwa sheria na ibada za aina hiyo hauwezi kuwa umeletwa juzi kwenye sanduku la padri. Hiyo ni robusta, na ukanda huu wa Ziwa Viktoria, Uganda na bonde la Kongo ndio kwao. Misitu ya Kibale kule Uganda ina robusta ya porini hadi leo.

Sasa tuje kwenye mmea wenyewe.

Chukua tunda bivu ulibane kwa vidole viwili. Ganda jekundu linapasuka na punje zinachomoka zikiteleza, maana zimevikwa ute mtamu. Osha ule ute. Chini yake kuna ganda gumu la rangi ya majani makavu, ambalo kazini tunaliita pachimenti. Livunje, utakuta ngozi nyepesi mno inayong'aa kama fedha, na ndani yake ndiyo punje, ya kijani iliyochanganyika na kijivu. Hiyo ndiyo inayopanda meli. Kumenya, kuvundika, kuosha, kuanika, kukoboa: kazi yote ya shambani na kiwandani ni kuivua nguo hizo moja baada ya nyingine bila kuiumiza. Kagera wengi wetu tunaanika tunda zima, ndiyo inayoitwa kahawa maganda. Kilimanjaro wanamenya siku ileile ya kuchuma. Tofauti ya ladha kati ya mikoa hii miwili inatoka kwenye mbegu, ndiyo, lakini sehemu kubwa inatoka hapo kwenye maandalizi, na watu wengi wanailaumu mbegu peke yake.

Mibuni ina spishi zaidi ya 120, nyingi zikiwa za Afrika bara na Madagaska. Zinazobeba biashara ya dunia ni mbili. Arabika, ambayo ni zaidi ya nusu ya kahawa yote inayolimwa duniani, na robusta, ambayo jina lake la kitaalamu ni Coffea canephora. Liberika na ekselsa zinafuata kwa mbali sana.

Na hapa ndipo nataka yule mdau asome polepole. Spishi za kahawa karibu zote zina kromosomu 22. Arabika peke yake ina 44. Sababu ni kwamba arabika ni chotara: miaka laki kadhaa iliyopita, bila mkono wa mtu, mbuni wa robusta ulipandana na mbuni mwingine uitwao Coffea eugenioides, na mtoto akarithi kromosomu zote za baba na zote za mama. Ishirini na mbili na ishirini na mbili. Kwa hiyo robusta ni mzazi wa arabika. Na huyo mzazi wa pili, eugenioides, ni wa hapahapa: magharibi mwa Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo, magharibi mwa Kenya. Ni mti mwembamba wenye punje ndogo na kafeini kidogo sana. Ulaini wa arabika wengi wetu tunauhusisha na mzazi huyu.

Mtoto huyo alienda kuishi Ethiopia. Misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia ndiyo makao makuu ya arabika ya porini, na imeonekana pia kwenye uwanda wa Boma, Sudan Kusini, na mlima Marsabit, Kenya. Ile hadithi ya mchunga mbuzi Kaldi aliyeona mbuzi wake wakicheza baada ya kula matunda mekundu, tuichukue kama hadithi. Iliandikwa Roma mwaka 1671, mbali na Ethiopia na baada ya karne nyingi. Waoromo waliokuwa wakisaga buni na kuikanda na siagi iwe chakula cha safari, hao ni watu wa kweli, na hawakuhitaji mbuzi kuwafundisha.

Maswali karibuni. Nitajibu kadiri ninavyojua.

Kirinyaga Juu

Boss, uzi mtamu. Lakini hapo kwa "mbuni" umenichanganya. Kwetu mbuni si mti. Mbuni ni kahawa iliyokaushwa na maganda yake, ile ya kuokota chini na ya mwisho wa msimu, na bei yake ni ya kulia. Pia umeandika Kenya mara mbili tu, hata SL28, aina yetu ya mti wa kahawa, hujaitaja. Hiyo ndiyo imetupa jina duniani.

Kikapu cha Amwani

Ndugu yangu wa Kirinyaga, hujakosea na mimi sijakosea. Waarabu wanaita punje bunn, Waethiopia wanaita kahawa buna, Kiswahili kikachukua buni. Kwetu mti ukawa mbuni, mingi mibuni, na punje mbichi buni. Kenya neno likabaki kwenye ile iliyokaushwa nzima, mpaka mnadani Nairobi inaitwa hivyohivyo mbuni. Neno moja, mashamba mawili.

Kuhusu SL28 umenifungulia mlango niliokuwa nautafuta. SL ni Scott Laboratories, maabara ya serikali ya kikoloni huko Kabete. Mwaka 1931 afisa wao wa kahawa alizunguka Tanganyika, akafika Monduli, akaona mibuni inastahimili ukame wakati mingine imenyauka. Akachukua mbegu zake akaenda nazo Kenya. Katika uteuzi wa mbegu hizo ndimo ilimotoka SL28. Ile ladha kali ya matunda inayofanya wanunuzi wa Ulaya wapigane vikumbo kwenye kahawa ya Nyeri na Kirinyaga, mti wake ulisimama Monduli kwanza. Silisemi ili kuwanyang'anya. Ninyi ndio mliotunza, mkamenya kwa uangalifu, mkaivundika na kuiosha vizuri, na heshima hiyo ni yenu. Ila kijana wa Monduli anastahili kujua.

Na iko nyingine ya namna hiyo. Kahawa ya bei kubwa kuliko zote kwenye minada ya dunia siku hizi inaitwa Geisha, na watu wanaijua kama ya Panama. Jina linatokana na Gesha, eneo la kusini-magharibi mwa Ethiopia, mbegu zake zilikokusanywa miaka ya 1930. Kutoka huko zilipelekwa kituo cha utafiti cha Lyamungu, hapa Hai, Kilimanjaro. Mwaka 1953 zikatoka Lyamungu kwenda kituo cha utafiti wa kilimo cha CATIE, Costa Rica, na baadaye zikafika Panama, zikakaa mashambani miaka mingi bila mtu kuzitilia maanani. Mwaka 2004 shamba la Hacienda La Esmeralda likaipeleka mashindanoni peke yake, bila kuichanganya na nyingine, na waonjaji wakapigwa butwaa: inanukia maua ya asumini kama chai. Nimewahi kuionja mara moja. Kijiko cha kwanza nilikiweka chini nikanusa kikombe upya, nilidhani wamenichanganyia kitu.

Kila nikipita njia ya Lyamungu nawaza kwamba mbegu hiyo ililala hapa, ikaoteshwa hapa, halafu ikaondoka.

Dele la Baraza

Assalaam alaykum. Shekhe, umeandika vizuri lakini umeiruka Yemen kama kijumba kisicho watu. Sie huku Unguja, mzee akikaa barazani Jaws Corner na kikombe chake cha kahawa chungu na kipande cha kashata, hafikirii Ethiopia wala Moshi. Anafikiria Yemen na Oman. Na hiyo kahawa ya kwenye dele, birika letu la kahawa, ni arabika au robusta?

Kikapu cha Amwani

Wa alaykum salaam. Nimekubali lawama, ngoja nilipe deni.

Mti ni wa Ethiopia, lakini kuikaanga, kuisaga na kuichemsha iwe kinywaji cha kila siku cha watu wengi, hiyo ni kazi ya Yemen. Karne ya 15 masufi wa huko walikuwa wanainywa usiku ili wakeshe katika dhikri bila kusinzia. Kutoka kwenye mikutano hiyo ikaingia Makka, ikaingia Kairo. Mwaka 1511 gavana wa Makka akajaribu kuipiga marufuku, kwa sababu watu walikuwa wakikaa vikundi vikundi wakiongea siasa juu ya vikombe, akaona hatari. Marufuku haikudumu. Wewe mwenyewe unajua baraza ilivyo, huwezi kuifunga kwa tangazo.

Wayemeni walipanda mibuni milimani kwenye matuta ya mawe, wakaiuza kupitia bandari ya Mokha, na kwa muda mrefu walilinda biashara hiyo isiwatoke. Hata maganda hawakuyatupa. Wanayachemsha na tangawizi, kinywaji kinaitwa qishr, nacho kinaburudisha ajabu. Huwa najiuliza kwa nini sisi tunaotoa maganda kwa tani tunayarundika shambani tu.

Kisha mbegu zikatoka. Wahindi wanasimulia kwamba Baba Budan, mcha Mungu aliyetoka kuhiji, alificha punje saba akazipanda milima ya Chandragiri, Karnataka. Mwishoni mwa miaka ya 1690 Waholanzi wakapanda Java. Mwaka 1706 mche mmoja wa Java ukapelekwa bustani ya Amsterdam, na mwaka 1714 mtoto wa mche huo akatolewa zawadi kwa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa. Kizazi cha miche hiyo ndicho kilichojaza mashamba ya Amerika, na mbegu yake inaitwa Typica. Wafaransa nao, kuanzia 1715, walichukua mbegu Yemen wakazipanda kwenye kisiwa chao cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion. Hiyo ndiyo mbegu ya Bourbon. Brazil, mlimaji mkubwa kuliko wote leo, alianza na mbegu zilizoingia 1727 kutoka Guyana ya Kifaransa.

Ukitazama hapo utaona arabika ya dunia nzima ilipita kwenye tundu la sindano: Ethiopia ilitoa kidogo, Yemen ikatoa kidogo zaidi, na kutoka hapo mche mmoja hapa, miche michache pale. Juu ya hayo, ua la arabika linajichavusha lenyewe. Ndiyo maana mibuni mingi ya arabika inafanana kama mapacha, na ugonjwa ukiushika mmoja unaishika yote. Kutu ya majani ilipoingia Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwaka 1869, haikuchukua miaka mingi kisiwa kizima kikaacha kahawa kikahamia chai. Watu wanakunywa chai ya Ceylon leo kwa sababu ya ule ukungu wa rangi ya chungwa chini ya jani.

Kahawa ya kwenye dele? Inategemea muuzaji amenunua wapi. Mara nyingi wanachanganya, na robusta inapenda kuwemo kwa sababu inatoa ule uzito na uchungu unaosimama mdomoni hata ukinywa kwa kikombe kidogo. Ndiyo inayoifanya kashata iwe na maana. Kahawa ya Omani ni jambo jingine: hiliki nyingi, na halwa pembeni. Huwezi kuipima kwa kipimo cha kahawa chungu.

Halafu jambo ambalo hata wengi wa Unguja hawalijui. Pwani ina kahawa yake ya asili, Coffea zanguebariae, iliyopewa jina hilo la Kizanguebari tangu 1790. Inaota kwenye vichaka vya pwani ya Tanzania na Msumbiji.

Mama Mche

Mwanangu, nimesoma yote, Mungu akubariki. Mimi ni wa Kilema. Huku tunaambiwa tangu tukiwa wadogo kwamba mapadre ndio walioleta kahawa, na miti ya kwanza ilikuwa misheni. Sasa umeandika kichwa cha uzi kana kwamba ni uongo. Tushike lipi?

Kikapu cha Amwani

Shikamoo mama. Mshike hilohilo, kwa Kilimanjaro ni kweli. Mapadre wa Roho Mtakatifu walileta mbegu za Bourbon kutoka Réunion, wakaanzia Bagamoyo, zikafika Bura kule Taita mwaka 1893, na Kilema mwaka 1898. Ninachokataa ni kuichukua habari ya Kilema na kuifanya ya nchi nzima. Bukoba ilikuwa na kahawa yake, mti wa aina nyingine, matumizi mengine.

Na hata Kilema, padri alileta mbegu tu. Wachagga ndio waliouingiza mbuni kwenye kihamba chini ya mgomba, wakauletea mfereji, wakautilia samadi ya ng'ombe wa zizini. Mwaka 1925, wakati jirani zetu wa Kenya Mwafrika alikuwa bado anazuiwa kulima kahawa, wakulima wa hapa walishaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, na mwaka 1933 ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Mama, nadhani wazee wa nyumbani kwenu walikuwemo. Kama kuna kitabu cha zamani cha chama kimehifadhiwa mahali, tafadhali msikitupe.

Wajapani nao jina la Kilimanjaro wameligeuza kuwa jina la karibu arabika yote ya Tanzania. Kahawa ya Mbinga au Mbozi ikifika Tokyo inauzwa kama Kilimanjaro. Kwa soko ni heshima, ila mkulima wa Mbinga anayeamka alfajiri kuchuma nyekundu tupu angependa jina la kwao nalo lisomeke kwenye pakiti.

Mpangaji wa Sinza

Mkuu, sisi wa mjini tunanunua tu. Nikiwa na punje mkononi nitajuaje hii ni arabika na hii robusta? Na kweli robusta ina nguvu zaidi au ni maneno ya vijiweni?

Kikapu cha Amwani

Si maneno ya vijiweni. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Mti unaitengeneza kafeini kama silaha, wadudu hawaipendi, na robusta inaishi bondeni kwenye joto ambako wadudu ni wengi. Arabika inataka ubaridi, kwetu huku kuanzia kama mita 1,000 kwenda juu, na ikiota juu zaidi inakomaa taratibu na kujaza sukari.

Kutofautisha ni rahisi. Weka punje kiganjani, upande bapa juu. Tazama ule mfereji wa katikati. Ukiwa umepinda kama nyoka na punje ni ndefu kidogo, hiyo ni arabika. Ukiwa umenyooka na punje ni ya mviringo, nene, hiyo ni robusta. Ukikuta punje ya duara kabisa kama njegere, isiyo na upande bapa, hiyo si spishi nyingine. Ni tunda ambalo mbegu moja haikukua, nyingine ikachukua nafasi yote. Mnadani inaitwa PB na ina wateja wake maalumu, hasa Marekani.

Ukitaka kuonja kwa haki fanya tunavyofanya kazini. Vikombe viwili, kila kimoja gramu 8 na robo ya kahawa iliyosagwa kwa chenga, maji ya moto mililita 150. Subiri dakika nne bila kugusa. Juu patakuwa na utando mnene. Uvunje kwa mgongo wa kijiko huku pua iko juu ya kikombe, hapo ndipo harufu yote inatoka mara moja. Toa povu, subiri ipoe, kisha fyonza kwa kelele ili isambae mdomo mzima. Usione haya. Arabika nzuri itakujia na ukali wa limau au zabibu. Robusta nzuri itakuja na uzito, chokoleti chungu, karanga zilizokaangwa. Robusta mbaya itakuja na harufu ya gunia na moshi, na hapo usiulaumu mti. Mtu alichuma kijani na nyekundu pamoja, akaanika chini kwenye udongo, mvua ikapita.

Mwaka mmoja tulipokea sampuli ya robusta kutoka Karagwe, imechumwa mbivu tupu na kuoshwa kama arabika. Meza nzima ya waonjaji ilikuwa haijaambiwa ni nini. Watatu kati ya watano tuliiandika arabika.

Kirinyaga Juu

Na hizo liberika na ekselsa umezitupa tu. Kuna rafiki yangu yuko Manila anasema wao ndiyo wanakunywa.

Kikapu cha Amwani

Kweli, nimezipita haraka kwa sababu nimezionja kidogo sana. Liberika ni ya Afrika Magharibi, mti mrefu, jani kubwa, punje kubwa yenye ncha. Wafilipino wa Batangas wanaiita barako na wanaipenda kali, Wamalaysia wa Johor nao wanailima. Ekselsa ni ya Afrika ya Kati, kwa muda wataalamu waliiweka ndani ya liberika. Inayonisisimua zaidi ni stenophylla ya Sierra Leone. Ilikuwa karibu imesahaulika, mwaka 2018 watafiti wakaikuta tena msituni, na walipoionja ikawa na ladha ya kukaribia arabika huku ikistahimili joto kubwa zaidi. Kwa hali ya hewa inavyokwenda, huo ni mti wa kutunzwa.

Na hapa nyumbani je? Tuna Coffea mufindiensis milima ya Mufindi, Coffea kihansiensis kwenye lile korongo la Kihansi lenye vyura wadogo, na Kenya ina Coffea fadenii milima ya Taita. Utafiti uliotoka 2019 ulionyesha asilimia 60 ya spishi za kahawa za porini ziko hatarini kutoweka. Tukikata msitu tunaweza kuwa tunakata mzazi wa kahawa ya wajukuu.

Mtoto wa Kanyigo

Ndugu yangu wa kibanja, umenitoa machozi na kile kikapu. Kwetu ugonjwa wa mnyauko wa mibuni uliingia miaka ya 1990, baba akang'oa mibuni nusu nzima akachoma moto. Iliyobaki ada za shule ziliimaliza, tukawa tunauza butura kila mwaka, mnunuzi anachukua kahawa ikiwa bado maua. Sasa hivi bei imepanda na sina hata miti mia. Nirudie kupanda nini?

Kikapu cha Amwani

Pole sana, ndugu. Sisi pia tuliuza butura. Nakumbuka baba akihesabu mashina na yule mnunuzi, matunda hayajafikia hata ukubwa wa njugu, na mimi nimesimama pembeni na sare mpya ya shule. Nilijua sare ile imetoka wapi.

Kwa kupanda, usichukue mche wa kuotea chini ya mbuni wa zamani. Robusta haijichavushi, lazima ipate chavua ya mti mwingine, kwa hiyo mbegu ya tunda lake haitakupa mti uleule unaoupenda. Tafuta miche ya vikonyo, inayooteshwa kutoka kipande cha mti mzazi, ya mbegu zinazostahimili mnyauko fuzari. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, wana kituo chao Maruku, hukohuko Kagera. Panda michache uitunze, na panga isipandwe kwenye mashimo yaleyale ambamo mibuni ilikufa. Na ukikuta mbuni mmoja mzee kwenye kibanja ambao mnyauko uliupita, wengine wote wakafa ukabaki, usiukate. Wapigie watafiti waje wauone.

Nina ombi moja, kwako na kwa wote wa Kagera mliomo humu. Bibi alifariki 2009. Najua chungu alichotumia, najua siku alizoanika, ila yale majani ya kunukia hakuna aliyemwuliza majina. Shangazi anataja mawili, baba mdogo anataja mengine tofauti. Nimejaribu kuchemsha mara tatu huku Moshi, ganda linakuwa gumu na ile harufu haiji. Mwenye mzazi anayepika amwani bado, amwulize anatia majani gani, na anayatia mwanzo au maji yakishachemka.

Mtoto wa Kanyigo

Mama bado anapika. Yuko shambani sasa hivi, jioni nampigia.